Mtakatifu Karoli Lwanga: Usiku Aliokesha Munyonyo

Kila mmoja wetu anazo saa chache ambazo hazisahau. Ni ile alfajiri ambayo mama alimpokea mikononi mtoto wake wa kwanza. Ni ile dakika ya kimya makaburini, kabla udongo haujaanza kuanguka juu ya jeneza. Pengine ni asubuhi ya kawaida tu, ukungu ukiinuka juu ya migomba, na mkulima wa Kihanga amesimama katikati ya mibuni yake, jembe begani, na ghafla anaona kila kitu kana kwamba kimeumbwa siku ile ile. Shamba ni lile lile la jana. Lakini mawazo ya deni la dukani, ya ada ya shule na ya maneno ya jirani yamenyamaza kidogo, naye kwa mara moja yupo pale aliposimama, mwili na roho.

Maandiko Matakatifu yanazijua saa za namna hiyo. Yakobo alilala safarini akiwa ameegemeza kichwa chake juu ya jiwe, akaamka na kutambua kwamba Mungu alikuwa mahali pale naye hakuwa na habari. Musa alikuwa kazini, akichunga kondoo wa mkwewe, alipogeuka kutazama kijiti kinachowaka bila kuteketea. Katika bustani ya Gethsemane Bwana wetu aliwaomba rafiki zake watatu jambo dogo tu, yaani wakeshe pamoja naye. Walilala.

Tunapokaribia tarehe 3 Juni, siku ambazo kahawa huku kwetu imeanza kuiva na kuchumwa, tunapenda kutafakari maisha ya mtu mmoja ambaye saa yake ilipofika alikuwa macho. Jina lake tunalijua sote. Vigango, kwaya na shule nyingi zimepewa jina hilo. Hata hivyo, yawezekana kwamba kwa kulizoea jina tumeacha kumtazama mtu mwenyewe. Mtu huyo ni Mtakatifu Karoli Lwanga.

Jirani yetu wa Buddu

Lwanga alilelewa katika nchi ya Buddu, sehemu ya kusini magharibi ya ufalme wa Buganda, upande wa Masaka. Sisi tulio Karagwe na Kyerwa tunaweza kusema bila kutia chumvi kwamba alikuwa jirani yetu. Nchi ile inapakana na mkoa wetu wa Kagera, migomba yake ni kama yetu, na mvua inayoinuka kutoka ziwa Nyanza huwanyeshea wao na sisi.

Alikuwa kijana mwenye nguvu, aliyesifika kwa umahiri wa mieleka. Sifa hiyo tusiipite haraka. Mtu akiwa uwanjani kwenye mieleka hana nafasi ya kuwaza la jana wala la kesho. Anautazama mguu wa mwenzake, anausikia uzito wake, na akipotewa na fikira kwa nukta moja tayari yuko chini. Mungu huandaa watu wake kwa vitu vya kawaida, na huenda alianza kumfunza Lwanga kukesha uwanjani kabla hajamfunza kukesha katika sala.

Wamisionari wa Afrika, tunaowaita Mapadre Weupe, walifika Buganda mnamo Februari 1879. Aliyejulikana zaidi miongoni mwao ni Padre Simeon Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera kwa kulitamka kwa namna yao neno la Kifaransa la kumwitia padre. Mwaka 1882 hali iliwalazimu kuondoka, wakavuka ziwa na kukaa Bukumbi, upande wa Mwanza, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Hawakurudi hadi Julai 1885. Kwa muda wa miaka karibu mitatu, basi, Wakristo wachanga wa Buganda walibaki bila padre, bila Misa na bila kitubio. Waliokuwa wamebatizwa waliwafundisha wenzao. Walisali usiku nyumbani kwao, na wakauguza wagonjwa. Imani haikuzimika, kwa sababu kila mmoja alijua kwamba hakuna mwingine wa kuifanya kazi iliyokuwa mbele yake.

Mnamo 1884 Kabaka Mutesa alifariki, na mwanawe Mwanga akatawazwa akiwa bado kijana. Mwaka huo Lwanga aliingia katika utumishi wa ikulu, akakabidhiwa usimamizi wa vijana waliohudumu katika ukumbi mkubwa wa baraza. Baadhi yao walikuwa watoto kabisa. Mkubwa wao wote katika imani alikuwa Yosefu Mukasa Balikuddembe, mtumishi aliyeaminiwa sana na nyumba ya kabaka. Yeye na Lwanga waliona hatari mbili. Kabaka alikuwa na hofu ya wageni, akishuku kwamba dini mpya ingemwondolea kiti chake. Zaidi ya hayo, aliwataka vijana wa ikulu kwa tamaa za mwili, nao waliofundishwa kateksimu walianza kukataa. Kazi ya Yosefu, na ya Lwanga baada yake, ikawa kujua kila saa ni kijana gani yuko wapi, nani ameitwa, nani anaogopa, na nani atumwe mbali kwa shughuli fulani ili asionekane. Kazi hiyo haikuwa na sifa mbele ya watu. Ilikuwa kazi ya macho na masikio, siku baada ya siku.

Oktoba 1885 Askofu James Hannington wa Kanisa la Anglikana aliuawa Busoga kwa amri ya kabaka. Yosefu Mukasa alithubutu kumwonya bwana wake juu ya damu hiyo. Tarehe 15 Novemba 1885 yeye naye aliuawa. Usiku wa siku hiyo Lwanga, aliyekuwa bado mkatekumeni, alikwenda misioni pamoja na wenzake kadhaa kuomba ubatizo, wakaupokea. Hebu tutafakari jambo hili. Wengi wetu, kiongozi wetu akiuawa asubuhi, jioni tungetafuta njia ya kujificha. Lwanga alitafuta maji ya ubatizo, kisha akarudi ikulu kwenye zamu yake. Tangu siku hiyo vijana wale walikuwa mikononi mwake.

Usiku wa tarehe 25 Mei

Februari 1886 moto uliteketeza makazi ya kabaka pale Mengo, na baadaye ikulu ikahamia Munyonyo, kando ya ziwa. Jioni ya tarehe 25 Mei kabaka alirudi kutoka kuwinda viboko ziwani, akakuta watumishi hawapo karibu. Alipouliza, akagundua kwamba kijana Dionisi Ssebuggwawo alikuwa akimfundisha dini mwana wa waziri wake mkuu. Hasira yake ikawaka, akamjeruhi Dionisi kwa mkuki, na kijana huyo akauawa. Milango ya ua ikafungwa, walinzi wakawekwa, na wanyongaji wakaitwa.

Usiku ukaingia. Ndani ya ua ule palikuwa na vijana waliojua kwamba kesho yake hukumu itatolewa. Ni nani kati yetu hajawahi kukesha usiku wa hofu? Tunajua akili inavyokimbia wakati huo. Inakimbilia nyuma, kwenye yale ambayo tungefanya tofauti. Inakimbilia mbele, kwenye maumivu ambayo hayajafika. Mahali pekee inapokataa kukaa ni hapa na sasa.

Lwanga alikaa hapa na sasa. Aliwakusanya Wakristo, wakasali pamoja. Kisha akawatazama waliokuwa mbele yake, akaona jambo ambalo mtu aliyezama katika hofu yake mwenyewe asingeliona, kwamba miongoni mwao wapo ambao hawajabatizwa. Kizito, mdogo kuliko wote, aliyekuwa na umri wa miaka kama 14, alikuwa amengoja ubatizo kwa muda mrefu. Walikuwapo pia Mugagga, Gyavira na Mbaga Tuzinde. Padre hakuwapo, na milango ilikuwa imefungwa. Lakini Kanisa hufundisha, na hata leo kila mwamini apaswa kulijua fundisho hili, kwamba penye hatari ya kifo mtu yeyote aweza kubatiza, mradi atumie maji na maneno yaliyoagizwa, akikusudia kutenda lile ambalo Kanisa hutenda. Lwanga alilijua. Kabla hapajapambazuka, tarehe 26 Mei 1886, alichukua maji akawabatiza.

Tunaamini kwamba saa ile ndiyo kilele cha maisha yake, kuliko hata saa ya moto. Miezi sita tu ilikuwa imepita tangu abatizwe yeye mwenyewe. Hakupata ono, wala hatusimuliwi kwamba alisikia sauti kutoka juu. Alikuwa na maji, na mtoto mwenye kiu, na muda mfupi kabla ya jua kuchomoza, akautumia wote. Huko ndiko kuwapo kikamilifu mbele ya Mungu: kumwona mtu aliye mbele yako, kuona anachohitaji saa hiyo, na kumpa bila kuchelewa.

Asubuhi vijana waliitwa barazani. Waliosali waliamriwa kujitenga na wengine. Lwanga alitangulia, na mapokeo yanatusimulia kwamba alikuwa amemshika Kizito mkono ili mtoto asitishike. Walipoulizwa kama wataendelea kuwa Wakristo, walikubali kwa sauti moja. Hukumu ilikuwa kuchomwa moto pale Namugongo. Padre Lourdel, aliyekuwa amefika kujaribu kuwaombea, alisimama nje akawaona wakipita wamefungwa kamba. Hakuruhusiwa kuwafariji. Yakobo Buzabalyawo, alipopita mbele yake, aliinua mikono yake iliyofungwa, akamwonyesha mbinguni.

Siku nane za kungoja

Safari ya kutoka Munyonyo hadi Namugongo ilikuwa ndefu, na wengine waliuawa njiani. Ponsiano Ngondwe aliuawa siku ile ile ya tarehe 26. Kesho yake walifuata Atanasi Bazzekuketta na Gonzaga Gonza. Waliofika Namugongo walifungwa, wakangoja siku kadhaa kuni zikikusanywa.

Siku hizo za kungoja huwa hatuzihubiri sana, kwa kuwa hakuna tukio kubwa la kusimulia. Lakini aliyewahi kukaa hospitalini kando ya mgonjwa wake anajua uzito wa kungoja. Mashahidi wale walisali asubuhi na jioni, wakatiana moyo. Wanyongaji walishangaa kuona wafungwa ambao kifo hakijawanyang'anya furaha ya leo. Mbaga Tuzinde, ambaye mkuu wa wanyongaji, Mukajanga, alikuwa amemlea, alisihiwa na nyumba yake yote akane tu kwa mdomo ili aokolewe. Hakukana.

Siku ya Alhamisi, tarehe 3 Juni 1886, ilikuwa Sikukuu ya Kupaa Bwana. Lwanga alitengwa na wenzake. Aliwaaga, akiwaahidi kwamba wataonana mbinguni muda si mrefu. Aliwekwa peke yake juu ya moto mdogo, uliochochewa taratibu kuanzia miguuni, ili maumivu yarefuke. Simulizi ya waliokuwapo yasema kwamba alimwambia mnyongaji wake kuwa moto ule kwake ni kama maji anayomwagiwa, akamsihi atubu na kuwa Mkristo. Hata hapo, basi, aliendelea kumwona mtu aliye mbele yake. Mwishoni alimwita Mungu kwa lugha yake, akakata roho. Chini kidogo ya mlima wenzake 12 Wakatoliki waliteketezwa siku hiyo hiyo, pamoja na ndugu zetu Waanglikana waliolikiri jina lile lile la Yesu.

Kanisa liliwatangaza mashahidi 22 Wakatoliki kuwa wenye heri mwaka 1920, na mwaka 1934 Papa Pio XI alimweka Lwanga kuwa msimamizi wa vijana wa Afrika. Tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo VI aliwatangaza kuwa watakatifu, na mwaka 1969 yeye mwenyewe akafika Uganda, Papa wa kwanza kukanyaga ardhi ya Afrika akiwa madarakani. Altare ya Basilika ya Namugongo imesimama pale ambapo Lwanga alichomwa.

Tusisahau pia kwamba imani yetu wenyewe imepitia katika majivu yale. Mwaka 1892, vita vilipozuka Buganda, Askofu Hirth na Wakatoliki wengi walikimbilia upande wetu wa ziwa, na mwaka huo huo ikaanzishwa misioni ya Kashozi, mama wa parokia za Kagera. Tunapobatizwa huku Karagwe tunapokea maji yaliyotoka katika chemchemi ile ile.

Neema hii inafundishwa wapi?

Mtu aweza kusema: Lwanga alikuwa mtakatifu, na saa yake ilikuwa kubwa, sisi tuna ng'ombe wa kukamua na buni ya kuanika. Lakini hapo ndipo maisha yake yanapotufundisha. Utulivu wa usiku wa Munyonyo haukuzaliwa usiku ule. Ulikuwa umezaliwa katika zamu za kila siku ikuluni, katika kuhesabu vijana jioni, katika kusikiliza hatua za miguu ukumbini. Aliyezoea kuwaona wenzake siku za kawaida hakuacha kuwaona siku ya hatari.

Huko Paris, karne mbili kabla yake, aliishi bruda mmoja Mkarmeli aliyeitwa Laurenti wa Ufufuko, aliyefariki mwaka 1691. Alikuwa mpishi wa konventi, na baadaye mshona viatu. Alifundisha kwamba katikati ya kelele za vyungu jikoni alikuwa mbele ya Mungu sawasawa na alipopiga magoti mbele ya Ekaristi Takatifu. Mpishi yule na shahidi wetu hawakujuana, wala maisha yao hayafanani. Hata hivyo walijifunza somo moja: Mungu hukutana nasi mahali tulipo, na mara nyingi sisi ndio tusiokuwepo.

Tunakiri hapa kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, baada ya Misa ya jioni, kijana mmoja alitufuata hadi mlangoni pa sakristia. Alisema ana neno. Simu ilikuwa mkononi mwetu, na kichwani tulikuwa tayari katika kikao cha kesho. Tulimsikiliza nusu, tukamwambia aje siku nyingine, tukambariki. Hakurudi. Baadaye tukasikia kwamba amekwenda mjini bila kuwaaga wazazi wake, na hadi leo hatujui neno lile lilikuwa lipi. Tumelitubu jambo hilo, na Mungu ni mwenye huruma. Lakini kila mwaka tunapoadhimisha mtu aliyemshika Kizito mkono, tunamkumbuka kijana yule aliyesimama mbele ya padre asiyekuwepo.

Hatudhani kwamba tuko peke yetu. Baba anakaa na wanawe mezani, macho yake yako kwenye simu. Jumuiya inasali rozari nyumbani kwa mjane, na midomo inataja mafumbo huku mioyo ikipiga hesabu ya bei ya kahawa. Binti anabadilika mwenendo kwa miezi mitatu, anaacha kula, anaogopa kwenda kwa ndugu fulani, na nyumba nzima haimtazami hadi mambo yameharibika. Vijana wetu wa leo wanawindwa kama walivyowindwa wale wa ikulu ya Mwanga, na ni mara chache mwindaji wao hushika mkuki. Ni nani anayehesabu jioni ni yupi yuko wapi?

Basi tunawaalika waamini wa Kihanga, na wa jimbo letu zima la Kayanga, waifanye sikukuu ya mwaka huu iwe shule ndogo ya kukesha. Wako watakaokwenda kuhiji Namugongo, na tunawatakia safari njema. Kwa wengi wetu hija itakuwa fupi zaidi. Kila siku ya novena tutenge saa moja bila simu wala redio. Saa hiyo tumtazame mtu mmoja wa nyumbani mwetu, tumuulize habari zake, na tungoje jibu hadi mwisho. Tunapoingia kanisani, kabla ya kufungua kitabu cha nyimbo, tunyamaze kwa muda na kukubali kwamba tumefika. Wakati wa Mageuzo, pale Bwana anapokuwapo kweli altareni, tumpe heshima ya kuwapo sisi pia.

Zile saa angavu tulizozitaja mwanzoni, za alfajiri kati ya mibuni na za ukimya wa makaburini, ni zawadi, na hatuwezi kujitengenezea. Mungu huzitoa apendapo. Lakini hazitolewi ili tukae tukizifurahia peke yetu. Hutolewa kama taa mkononi mwa mtu aliye gizani, ili amwone aliye karibu naye. Usiku wa Munyonyo Lwanga alikuwa na mwanga wa namna hiyo, na aliyemwona kwa mwanga huo alikuwa mtoto aliyengoja kubatizwa.

Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzako mashahidi, mtuombee tuwe macho.